Maswali ya wasomaji: Mshale uko kwenye nyekundu lakini injini haichemshi

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi naendesha greda la zamani, lile la geji za mshale, halina skrini. Kila asubuhi nikifungua swichi tu, hata stata sijapiga, mshale wa joto unapanda mpaka kwenye nyekundu na unakaa hapohapo. Fundi wetu akasema thamostati, kile kilango kinachofungulia maji ya moto yaende rejeta, tukabadilisha, bado. Sasa anataka pampu ya maji na bosi kagoma. Maji yapo, feni inavuta, siku nzima sioni mvuke. Niendelee kupiga kazi au nipaki?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na bosi wako kafanya la maana kugoma. Injini imelala usiku kucha, chuma cha baridi, sasa huo mshale umepata wapi joto kabla stata haijazunguka? Hapo hakuna maji yaliyochemka, ni umeme tu, na hiyo pampu anayoitaka haina hata waya mmoja unaokwenda kwenye geji.

Iko hivi. Kwenye bloku au hedi kuna sensa, ndani yake kuna kidude ambacho kikiwa cha baridi kinaubania umeme, kikipata moto kinauachia upite kwenda ethi, yaani chuma cha mashine kinachorudisha umeme betri, na kadri unavyopita ndo mshale unavyopanda. Kwa hiyo waya wa sensa ukichubuka ukagusa bodi geji inaona ethi moja kwa moja na inadhani injini inaungua, kumbe wala.

Fungua swichi, injini usiiwashe, chomoa waya pale kwenye sensa. Mshale ukishuka, sensa imepiga shoti ndani, nunua nyingine kwa namba ya pati, usinunue kwa kufananisha macho maana zipo zenye uzi uleule wa kufungia na ohmu, yaani nguvu ya kubania umeme, tofauti kabisa. Mshale ukigoma kushuka, nenda nyuma ya dashibodi uchomoe waya huohuo upande wa geji. Ukishuka sasa, mbaya ni waya, na ukigoma bado angalia ethi ya geji kwanza ndo uilaumu geji yenyewe. Dalili ya ethi mbovu ni mshale kuruka ukiwasha taa, au geji ya mafuta nayo kuanza vituko.

Mi nikikisia kwa mbali nasema waya. Upapase kwa vidole kuanzia kwenye injini, hasa chini ya klipu na unapoingilia kebini. Mara moja nilihangaika nusu siku na mashine ya namna hiyo, mwisho nikakuta klipu imekula mpira wake, shaba imechungulia padogo kama kichwa cha kiberiti, inagusa fremu. Tepu na klipu mpya, basi.

Kuhusu kupaki, mi ningepaki mpaka geji ipone. Sio kwamba injini ni mgonjwa, ila siku beliti ya feni ikikatika mshale utakuwa palepale ulipozoea na hutajua kitu. Kama lazima ufanye kazi leo, tafuta kile kipima joto cha kulenga kama bastola, piga kwenye nyumba ya thamostati injini ikiwa na moto wa kazi. Thamostati nyingi za dizeli zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo ukisoma 80 na kitu mpaka 95 tulia. Chuma kinachong'aa kinakidanganya hicho kipimo kisome chini, bandika tepu nyeusi ndo upime hapo. Na kifuniko cha rejeta usikiguse ya moto, maji yaliyobanwa yanapita 100 bila kuchemka, ukifungua tu yanalipuka usoni.

SWALI: Ekskaveta yetu ni ya kompyuta, geji haipandi kabisa, opareta anafurahi eti injini ni ya baridi. Ni sawa?

JIBU: Mwambie asifurahi bado. Asubuhi kabla ya kuwasha pima maji kwanza, maana yakishuka chini ya sensa, sensa inabaki hewani na inasoma baridi wakati hedi inapinda kwa moto. Maji yakiwepo, uliza kama kuna mtu aliichomoa thamostati akaitupa, hiyo tabia bado ipo. Na kama sensa ilibadilishwa karibuni na ni ya waya mmoja, angalia kama uzi umezungushiwa tepu nyeupe nyingi, hiyo sensa ethi yake inapita kwenye uzi, ukiifunika umeikata. Ya waya mbili haina shida hiyo. Ila kwenye mashine ya kompyuta usigusishe waya na bodi kwa kujaribu, soma kodi za hitilafu. Nyingi zinatumia SPN 110 (SPN ni namba ya sehemu yenye tatizo) kwa joto la maji: ikija na FMI 3 (FMI ni aina ya tatizo) volti iko juu, mara nyingi waya umekatika au konekta imeachia, na FMI 4 volti iko chini, waya umegusa ethi. Anza na konekta, chungulia kama pini zimeota kijani.