Kwa vijana wanaoanza kazi ya kaiti Paje na Jambiani

Kila mwaka upepo wa kusi unapokaza, vijana wapya hushuka pwani ya Paje, mashariki ya Unguja, na swali moja: kuruka juu vile kwa kaiti, tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya bodi majini, kunafanywaje? Hamu hiyo naipenda, na kuruka mtajifunza. Lakini wadogo zangu, mwenye kutaka kazi hii imlishe hata magoti yatakapochoka, aanze na upepo, maji na ufundi.

Ukisimama Paje ukaitazama bahari, kusi ya Juni hadi Septemba inakujia kwa mkono wa kulia, na kaskazi ya Desemba hadi Machi kwa mkono wa kushoto. Zote mbili zinaelemea kidogo pwani. Ndiyo maana mwanafunzi aliyepotewa na bodi hapa huletwa nchi kavu polepole. Nenda sasa upande wa magharibi wa Unguja, au wa Pemba, siku hiyo hiyo ya kusi: upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, na kaiti ikianguka mtu anachukuliwa kilindini. Kwa hiyo usimpeleke mgeni pwani usiyoijua kwa sababu tu upepo unavuma vizuri. Tazama kwanza unavuma kwenda wapi, na boti ya kumfuata iko wapi.

Maji nayo yana saa zake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hukupwa sana asubuhi mida ya saa nne na hujaa alasiri. Mgeni aliyelipia somo la asubuhi siku hiyo atakuta mchanga, mawe na maji ya kifundoni. Mwambie ukweli, mhamishie alasiri. Akianguka juu ya matumbawe, pesa yake haitakusaidia kitu. Mkiwa watoto wa wavuvi, hesabu hii mnayo tangu utotoni. Mwalimu aliyetoka mbali anaitafuta kwenye simu. Itumieni.

Na maji yakikupwa, pwani ile ni ya akina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, hapa hapa Paje na Jambiani, kabla kaiti yoyote haijaonekana. Mapezi ya bodi yakipita juu ya shamba yanakata kazi ya mwezi na zaidi, na kamba ya kaiti iliyokaza hukata ngozi ya mtu kama wembe. Kabla msimu haujaanza, nendeni mkawaamkie, muwaombe wawaonyeshe mipaka ya mashamba, kisha mipaka hiyo muwafundishe wageni kwenye somo la kwanza. Mimi naliona hili kuwa sehemu ya kazi yenyewe, wala si hisani.

Sasa ufundi, ambao ndio ninaousisitiza kuliko yote, maana ndio unaokosa watu. Kaiti ya leo imetokana na wazo la ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliolisajili mwaka 1984: mirija ijazwe hewa, ili kaiti ikianguka majini ielee na iweze kupaa tena. Basi mrija ukivuja, kaiti haina kazi. Nyingi zinazoletwa kwa fundi hazikuchanika. Zimeachwa juani mchangani zikiwa zimejaa, hewa ikatanuka, gundi ya vali ikalegea. Unapotoa mpira wa ndani, ufunge kwanza uzi mrefu kwenye ncha yake, ili uzi ubaki ndani ya mrija ukusaidie kuurudisha. Asiyefanya hivyo hupoteza nusu siku. Ujaze hewa kidogo, uzamishe kwenye beseni, ufuate mapovu, tia alama, kausha, futa kwa spiriti, ndipo ubandike kiraka.

Kamba pia zinadanganya. Za mbele hubeba mzigo mkubwa, kwa hiyo hurefuka kuliko za nyuma. Kaiti huanza kurudi kinyumenyume na kuanguka, na mwanafunzi maskini anadhani kosa ni lake. Zifungeni zote nne kwenye mnazi kila wiki, mvute baa, ile fimbo ya kuongozea kaiti, mlinganishe. Sefti, yaani kifaa cha kujiachanisha na kaiti wakati wa hatari, ioshwe kwa maji matamu na ijaribiwe kila asubuhi, maana mchanga huikwamisha. Hapo sikubali kisingizio cha haraka.

Cheti cha ualimu, kwa mfano cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti, kitafuteni mkishatimiza miaka 18, pamoja na cheti cha huduma ya kwanza. Kiingereza kisemeni bila aibu, na mkipata Kiitaliano au Kifaransa, bora zaidi.

Wanaotaka mashindano nawaunga mkono kwa moyo wote. Kaiti iliingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka 2024, ikashindaniwa Marseille. Kwa wanawake alishinda Ellie Aldridge wa Uingereza, kwa wanaume Valentin Bontus wa Austria, nchi isiyo na pwani hata moja, inayojulikana kwa kuteleza juu ya theluji. Sisi bahari iko mlangoni. Ila mbio zile ni za foili, bawa lililoshikizwa kwa nguzo ndefu chini ya bodi, nalo linataka kina. Ndani ya mwamba, yaani kati ya pwani na mwamba wa matumbawe, mtafanya mazoezi maji yakijaa tu. Pangeni ratiba kwa bamvua za alasiri, na msitoke nje ya mwamba bila boti.

Kuhusu fedha: masika ya Aprili na Mei wageni ni haba, na baadhi ya hoteli hufunga. Chumo la Julai na Agosti ligaweni tangu linapoingia. Mwenye ufundi ana nafuu, kwa kuwa hiyo ndiyo miezi skuli za kaiti zinapotengeneza vifaa vyao. Na kabla hamjaanza msimu kwa mwajiri yeyote, ombeni maandishi: saa mnalipwaje, siku isiyo na upepo mnalipwa nini, na kaiti ikichanwa na mwanafunzi, nani anagharamia.