Kuagiza kiti cha magurudumu cha umeme toka Uingereza

Dada, umeuliza kama umwagizie baba kiti cha umeme toka Uingereza. Kama Mombasa umepata viti vya hospitali tu na baba ana mwili mkubwa, agiza, lakini anza na betri kabla ya bei. Betri za lithiamu huhesabiwa mzigo hatari kwenye ndege, na wasafirishaji wengi wa vifurushi huzikataa. Chagua kiti kinachotumia betri za jeli (za risasi, zilizozibwa zisimwagike): vingi hufungwa mbili za volti 12. Muuzaji akikubali, kije bila betri, halafu utafute zinazoingia kwa wauza sola hapo mjini. Mwombe muuzaji wa kiti vipimo vya kisanduku cha betri kwa sentimita, na Ah za betri pia (yaani kiasi cha umeme inachobeba). Chaja ya Uingereza haina shida, plagi ni ile ile yetu.

Kwa upana wa kiti, mpime baba akiwa ameketi, nyonga kwa nyonga, uongeze sentimita 2 au 3. Usikisie kwa suruali.

Usafiri wa ndege hutozwa kwa ukubwa wa boksi, si kilo peke yake, kwa hiyo kinachokunjika kitakuokolea pesa nyingi.

Ushuru: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inasamehe vifaa vilivyoundwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Wakala wa forodha alijue hilo kabla mzigo haujatua. Ukiulizia msamaha boksi likiwa tayari ghalani, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na hizo msamaha wa ushuru hauzifuti.