Muulize Ami: Kibao kilikuwa ndani ya mkungu, na wakili sina

SUALI: Assalaam alaykum Ami. Mie nasambaza boflo, nina kigari changu kidogo, saa kumi alfajiri nishafika bekari na saa mbili asubuhi nishamaliza maduka yote ya Ng'ambo. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya duka moja, dakika mbili tu wallahi, nashusha kreti nne, narudi namkuta trafiki kashafungua buku lake ananambia hapa hapapakiwi. Nkamuuliza kibao kiko wapi, akaninyooshea kidole juu ya mti wa mkungu. Kumbe kibao kipo kweli, lakini kimezama ndani ya majani, unaona mlingoti tu. Nikapiga picha na simu. Karatasi niliyopewa inanitaka mahkamani Jumanne ijayo. Binamu yangu aliyeko Dar anasema lipa yaishe, barazani wananambia nenda kamuelezee hakimu kila kitu atakuonea huruma. Wakili siwezi kumlipa. Nifanyeje? — Muuza boflo, Fuoni, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka kidogo, usinune. Umejitetea vizuri kwa kibao na mkungu, halafu katikati hapo umejitia kitanzi mwenyewe kwa maneno matatu: dakika mbili tu. Hebu fikiri, unashitakiwa kwa kusimamisha gari pahala pasiporuhusiwa, hukushitakiwa kwa kukaa sana. Ukisema "nilisimama dakika mbili" ushakubali kuwa ulisimama, na mwendesha mashtaka hana haja tena ya kuhangaika na nusu ya kesi yake. Mie nimekaa kwenye ukarani wa mahkama miaka mingi na naweza kukwambia watu wengi hawashindwi na trafiki, wanashindwa na midomo yao siku ya kwanza kabla hata shahidi hajaitwa.

Siku hiyo ya kwanza inakuwa hivi. Unaitwa jina, unasimama, unasomewa shitaka kwa Kiswahili, halafu unaulizwa kweli au si kweli. Basi. Hapo haitakiwi hadithi, wala boflo, wala mkungu. Kama unakana unasema "si kweli Mheshimiwa" unanyamaza. Sasa sisi Waswahili tuna jibu letu la tatu, "ni kweli Mheshimiwa lakini...", na hilo "lakini" ndo limewamaliza watu. Namkumbuka mzee mmoja wa vespa, alishitakiwa kupita kwenye taa nyekundu, kasema "kweli nilipita lakini taa zenyewe zilikuwa haziwaki", yeye anadhani anakubali kwa adabu kumbe anakana. Bahati yake hakimu alikuwa makini, akamuandikia kuwa amekana. Na hiyo si huruma ya hakimu, ndo utaratibu wenyewe, tokea mwaka 1973 Mahkama ya Rufaa ya Afrika Mashariki kwenye kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri iliweka wazi kwamba mtu akikubali kosa asomewe na maelezo ya lilivyotokea aulizwe kama anayakubali pia, na akileta jambo linalogombana na kule kukubali kwake basi iandikwe kuwa amekana na kesi isikilizwe. Lakini usitegemee kuwa kila siku utakuta hakimu mwenye masikio hayo na wewe upo wa arubaini kwenye foleni. Sema lako liwe moja. Maana ukishakubali mwenyewe, rufaa ya baadae inakuwa nyembamba sana, utabaki kulalamikia adhabu tu.

Binamu yako wa Dar umsikilize kwa heshima lakini sheria anayoijua yeye si hii. Bara wana sheria yao ya usalama barabarani ya mwaka 1973, sisi huku tuna Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003, na mahkama zetu za chini ni zetu, mpaka Mahkama Kuu ya Zanzibar, tunakutana nao kwenye Mahkama ya Rufaa tu huko juu. Kwa hiyo mtu akikutumia kwenye WhatsApp kifungu cha sheria kwanza muulize cha wapi. Angalia karatasi yako imeandika kifungu gani, kisha nenda kaombe usome kifungu hichohicho. Kina maneno gani? Kinazungumzia kibao, au kinazungumzia kuziba njia? Hiyo tofauti ni kubwa, kwa sababu kama kosa lako ni kukaidi alama basi alama kuonekana au kutoonekana ndo roho ya kesi, na kama kosa ni kuziba njia basi mkungu wako haukusaidii kitu na bora tuzungumze mengine.

Angalia na namba ya gari, tarehe, saa, jina la barabara. Ila usishangilie ukikuta herufi moja imekosewa, watu huja mbio hapa "Ami nimeshinda, wameandika Z badala ya S". Hujashinda. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba hati ya mashtaka irekebishwe na mara nyingi anakubaliwa. Makosa ya aina hiyo yana thamani pale tu yanapoonesha kwamba askari hana hakika na alichokiona.

Sasa picha. Umefanya la maana kupiga siku ileile, maana mkungu unapogolewa wakati wowote, na mie nikiwa mwenye mti ule ningeshaupogoa kwa aibu. Lakini picha moja haitoshi. Rudi pale saa ileile uliyoandikiwa, kaa kwenye kiti chako cha dereva, piga unavyoona wewe ukiwa unakuja. Halafu shuka, rudi nyuma hatua kama ishirini, piga barabara nzima, duka lionekane, mlingoti uonekane, mti uonekane, yaani mtu ambae hajapata kufika pale aelewe. Usichore mshale mwekundu, usiikate, usiing'arishe. Ile ya siku ya kwanza iache ndani ya simu kama ilivyo na nyengine uzitoe kwenye karatasi nakala tatu, ya hakimu, ya mwendesha mashtaka, na yako. Utaulizwa nani kapiga, lini, kwa simu ipi, ujibu bila kubabaika. Na yule mwenye duka, kama alikuwepo asubuhi ile, mwambie mapema aje, asije kukwambia Jumatatu usiku kuwa ana harusi Makunduchi.

Jumanne yenyewe huenda usifanye zaidi ya kukana na kupangiwa tarehe. Siku ya ushahidi trafiki atasimama aape, atasema alichokiona, kisha hakimu atakugeukia wewe: una masuali? Hapa ndo watu huharibu. Mtu anaanza kuhutubia, "Mheshimiwa huyu anasema uongo, mie siku ile...", hakimu anamkatiza, suali bwana, suali, mtu anahamaki, mwisho anasema sina suali, anakaa. Na kumbe ule ndo wakati wake. Wewe njoo na karatasi yako umeandika masuali mafupi ambayo jibu lake ndio au siyo, na uyaulize kwa sauti ya kawaida kama unauliza bei ya samaki:

"Afande, pale ulipokuwa umesimama palikuwa na mti?" Ndio. "Ni mkungu?" Sijui mti gani. "Sawa. Majani yake yanagusa kibao?" Yanagusa kidogo. "Naomba utazame picha hii, unapatambua?" Napatambua. "Kibao kiko wapi kwenye picha?"

Halafu unyamaze. Muache atafute. Hapo hapo kwenye kutafuta ndipo kesi yako ilipo, na hakimu ana macho. Usimuulize "kwa nini uliniandikia", utampa mlango wa kueleza mambo ishirini. Na usimfanye mwongo, hukumbukwi kwa wema ukifanya hivyo, na wala hauhitaji awe mwongo, yeye anajua kibao kipo kwa sababu kazi yake kupajua, wewe unasema mgeni wa pale hawezi kukiona. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Mzigo wa kuthibitisha ni wao, kwenye jinai ni mpaka pasibaki shaka ya maana, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 kwenye kifungu cha 12 imeshasema mtu hahesabiwi mkosa mpaka ithibitike. Wakimaliza mashahidi wao hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Ukiwa nayo utajitetea, na utetezi wako uwe mfupi: nilikuja kutoka upande huu, nilitazama, sikuona kibao, hizi picha, huyu shahidi. Nawe utaulizwa masuali. Ukiulizwa kama ulisimama, sema ndio, umeshaapa, usije ukaanza kuruka ruka. Hukukana kwamba gari lilikuwepo, ulikana kwamba ulikaidi alama.

Na zile dakika mbili zako, na kreti nne, na kwamba ni mara yako ya kwanza na watoto wanakula kwa gari hilo? Havijapotea. Hakimu akikukuta na hatia atakuuliza una la kusema kabla ya adhabu, basi hapo ndo pahala pake, vitoe vyote.

Nikwambie na ukweli mwengine ambao barazani hawakwambii. Kesi ya aina hii inaweza kuahirishwa mara mbili tatu, leo askari yupo doria, kesho hakimu ana kikao, na kila ukienda ni asubuhi moja bila boflo. Kaa chini upige hesabu. Mie kwa picha kama unavyoisimulia ningekwenda, lakini kama kweli ulikiona kibao ukasema aah dakika mbili, basi kubali siku ya kwanza, omba upunguziwe, urudi kazini. Sikulaumu kwa lolote kati ya hayo. La kumtafutia mtu "chai" ili karatasi ipotee usilifikirie kabisa, utatoka kwenye kosa la kupaki uingie kwenye jengine ambalo boflo za mwaka mzima hazilitoshi.

Wakili si lazima, unaruhusiwa kujisimamia. Ila kaka yako hawezi kusimama akusemee kwa kuwa anajua maneno, hilo ni la wakili au vakili, yaani mtetezi mwenye ruhusa ya kusimama mahkama za chini. Ukitaka mtu akusomee hiyo hati na akusikilize masuali yako, tafuta wasaidizi wa sheria wa wilaya yako, au nenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wapo tokea 1992, na tokea 2018 tuna sheria khasa ya msaada wa kisheria, Namba 13. Nenda na karatasi, usiende na hadithi. Na Jumanne vaa shati lenye vifungo, simu izime, ufike kabla ya saa mbili.

SUALI: Ami shikamoo. Mume wangu alikuwa na tarehe mahkamani kwa kosa la kupanda pikipiki bila kofia. Siku ile yeye alikuwa Unguja, bahari ilichafuka boti ikaahirishwa, hakufika. Sasa anaogopa hata kupita mbele ya mahkama. — Mama wa watoto wanne, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie aogope kutokwenda, asiogope kwenda. Mtu akikosa tarehe bila taarifa hakimu anaweza kutoa hati akamatwe, na mtu aliyekuja kwa miguu yake haangaliwi sawa na aliyeletwa na askari. Kesho asubuhi aende kwa karani, aseme namba ya kesi, aombe aingizwe mbele ya hakimu aeleze. Neno moja tu, boti haikuondoka. Na ile tiketi aliyokatiwa safari ya siku ile asiitupe, hata kama imelowa mfukoni aikaushe aende nayo.