Swali: Mchungaji katukataza kwenda hospitali na wanawake wa makanisa mengine, je kanisa la kweli ni lipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe huku Ilemela, nauza dagaa. Mtaani kwetu makanisa yapo matano, jumapili kila moja linafungulia spika mpaka huelewi nani anahubiri nini. Sisi wanawake kama kumi hivi tulianza kwenda hospitali ya Sekou Toure kila alhamisi kupeleka uji na sabuni kwa wagonjwa wasio na ndugu, humo kuna wakatoliki, wasabato, watu wa AIC na sisi walokole. Sasa mchungaji wetu kasimama madhabahuni akasema huko ni kujifunga nira na wasioamini. Na mama yangu mdogo ambaye alikuwa mkatoliki alipofariki mchungaji akasema tusiingie kwenye misa, tukae nje. Nilikaa nje mwalimu, na roho inaniuma mpaka leo. Kanisa la kweli ni lipi, na umoja aliouomba Yesu ni upi hasa?

JIBU: Marahaba mama, Bwana asifiwe milele. Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa kukaa nje. Nitakujibu kirefu kidogo maana hili swali nimeulizwa na watu wengi hapa Mwanza, kila mtu na namna yake, na wengi wanauliza huku wanaumia kama wewe.

Nianze na hiyo nira maana ndo imetumika kuwazuia. Ni kweli Paulo kaandika 2 Wakorintho 6:14 "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini", lakini usiishie hapo, endelea mpaka mstari wa 16 uone anaongelea nini, anauliza hekalu la Mungu lina mapatano gani na sanamu. Korintho ilikuwa imejaa mahekalu ya miungu na watu walikuwa wanaalikwa kula karamu humohumo ndani ya hekalu la sanamu, soma 1 Wakorintho sura ya 8 na ya 10 utaona jinsi hilo jambo lilivyomsumbua Paulo. Hao ndo wasioamini anaowasema, watu ambao hawajamkiri Kristo kabisa. Najua mchungaji wako atasema na wakatoliki wana sanamu. Sawa, hilo tunaweza kukaa tukajadili na mimi mwenyewe ni Muanglikana, nina maswali yangu kwa wakatoliki na wao wana ya kwao kwangu. Ila mama yako mdogo alibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kila jumapili alikuwa anasimama anakiri imani ileile ya Nikea, ungamo la zamani la kanisa, kwamba Yesu ni Mungu kweli, alisulubiwa kwa ajili yetu, akafufuka siku ya tatu. Huyo ukimwita asiyeamini unasema neno zito sana na utalijibu mbele za Mungu. Alafu Paulo huyohuyo, kwa watu walewale wa Korintho, alishawaandikia kwenye barua ya kwanza sura ya kwanza kwamba amesikia wanasema "Mimi ni wa Paulo, na mimi ni wa Apolo, na mimi ni wa Kefa", akawauliza "Je! Kristo amegawanyika?" Hilo swali mimi linanitisha kuliko la nira.

Sasa umoja. Yesu aliomba usiku ule wa kusalitiwa, Yohana 17:21, "Wote wawe na umoja; kama wewe, Baba, ulivyo ndani yangu, nami ndani yako; hao nao wawe ndani yetu; ili ulimwengu upate kusadiki ya kwamba wewe ndiwe uliyenituma." Watu wengi wanaipenda nusu ya kwanza wanaifanya mahubiri ya kupendana basi, wanaliruka hilo neno "ili". Umoja una kazi. Umeombwa ili watu wa nje waamini, kwahiyo kanisa likigawanyika hasara siyo ya waliomo ndani peke yao, hasara kubwa ni ya yule ambaye hajaamini bado, anatuangalia anashindwa aamini nini.

Na hii siyo nadharia mama, imetokea hapahapa kwenye ziwa letu. Wamisionari wa kianglikana wa CMS, shirika la misheni la Uingereza, walifika ufukwe wa kusini mwaka 1877, wawili wao waliuawa Ukerewe desemba mwaka huohuo, na mapadre wa kikatoliki wa Wamisionari wa Afrika wakaja nyuma yao wakavuka kwenda ufalme wa Buganda, Uganda ya leo, mwaka 1879. Huko wakakutana kwa Kabaka Mutesa, yaani mfalme wa Buganda. Siku moja Mackay wa CMS anaongoza ibada barazani, Padre Lourdel akakataa kupiga magoti, kabaka akataka kujua kwanini, wakaanza kubishana palepale mbele yake kila mmoja akisema mwenzake hana ukweli. Kabaka akabaki anashangaa, kumbe hata wazungu kila taifa lina dini yake. Mutesa alifariki mwaka 1884 hajabatizwa. Sisemi ni sababu ya ubishi ule peke yake, alikuwa na mambo yake mengi ya kifalme, lakini nikisoma "ili ulimwengu upate kusadiki" namkumbuka yule mzee ameketi anawaangalia wahubiri wawili wa Yesu mmoja wanagombana.

Alafu tazama kilichofuata. Mwanawe Mwanga akaanza kuwaua vijana wa kikristo, na tarehe 3 juni 1886 pale Namugongo wakachomwa moto wakatoliki na waanglikana pamoja, moto mmoja. Wakatoliki 22 wa miaka ile wakatangazwa watakatifu mwaka 1964, na Papa Paulo wa 6 siku hiyohiyo akawataja na waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Hao vijana hawakukaa miaka mingi darasani, wengine walikuwa wamebatizwa juzi tu. Mateso yaliwaweka pamoja. Sasa inayoniuma ni kwamba haikupita hata miaka sita, januari 1892, wakatoliki na waprotestanti wa Buganda wakapigana vita Mengo, wakiitwa Wafransa na Wangereza, na upande wetu sisi waanglikana ndo uliopewa bunduki na Lugard wa kampuni ya Waingereza, tukashinda. Ndugu za mashahidi wakauana. Kilichobadilika ni nini katikati pale? Walipokuwa hawana kitu walimhubiri Kristo, walipoanza kuona vyeo na ardhi na nani atakuwa na kabaka upande wake wakaanza kuhesabiana. (Na Mwanga mwenyewe, aliyewachoma, alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia huku kwetu kusini na mwisho wakampokea mapadre wa misheni ya Bukumbi. Ukipita Bukumbi ujue hilo, mtesaji alipewa hifadhi na watu aliowatesa. Huo ndo ukristo.)

Kwahiyo mimi naamini hivi na nimelifundisha hili miaka yote: kanisa likishika kazi yake umoja unakuja wenyewe, na likiacha kazi yake mgawanyiko unakuja wenyewe. Hatugawanyiki kwa sababu ya mafundisho peke yake, mara nyingi mafundisho tunayatafuta baadae kutetea mgawanyiko ambao ulishaanza kwenye sadaka na vyeo.

Wewe ni mtu wa dagaa utanielewa kwenye Luka 5. Petro amekesha hajapata kitu, Yesu anamwambia tweka mpaka kilindini, nyavu zinajaa mpaka zinataka kukatika. Akafanya nini? Mstari wa 7 unasema "wakawapungia mikono washirika wao waliokuwa katika chombo cha pili, waje kuwasaidia". Samaki wakiwa wengi hakuna anayeuliza ule mtumbwi ni wa nani, unapunga mkono. Makanisa mengi ya mtaani kwako nakuhakikishia hayavui ziwani, yanavua kwenye karai la mwenzake, mtu anatoka Katoliki anaenda ulokole, anatoka pale anaenda kwa nabii mpya, anarudi, na kila anapofika wanashangilia roho imeokolewa wakati ni mkristo yuleyule amehama kiti. Na huku ziwa limejaa. Nenda mialo yenu usiku, nenda visiwani Goziba, nenda stendi, nenda gereza la Butimba uone watu ambao hakuna mtumbwi hata mmoja umewafikia.

Kazi ya kanisa imeandikwa na siyo siri. Mathayo 28:19, kuwafanya mataifa kuwa wanafunzi, kubatiza na kufundisha. Luka 4:18, kuwahubiri maskini habari njema, wafungwa kufunguliwa, vipofu kuona. Na Mathayo 25:36 anasema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama". Sasa niambie mama, nyie alhamisi mnafanya nini Sekou Toure? Mvuvi katolewa kisiwani na mguu umeoza, hana ndugu mjini, chakula cha hospitali analetewa mtu na ndugu zake na yeye hana, mnampa uji mnamwogesha. Hiyo ndo kazi yenyewe, tena mnaifanya wa makanisa manne pamoja, kwahiyo mmeshafika mahali ambapo sisi wenye kola bado tunapeana miadi ya vikao. Wala hamjaanza nyie, viongozi wenu wa juu walishaona: mwaka 1992 maaskofu katoliki kupitia baraza lao TEC na makanisa ya kiprotestanti kupitia jumuiya yao CCT waliunda tume moja ya huduma za jamii, CSSC, kwa ajili ya hospitali na shule zao. Biblia Habari Njema iliyopo makanisani ni tafsiri ya ushirikiano wa makanisa. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Katoliki, mwaka 1964 ulisema waliobatizwa nje ya kanisa Katoliki waitwe ndugu katika Bwana, kwahiyo na wao wamesogea.

Lakini sitaki unielewe vibaya kwamba kila anayesema Yesu tumkubali. Hapana. Kuna mpaka, na kwa huku kwetu kanda ya ziwa mpaka wenyewe una damu. Bibi zetu wameuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino walikatwa viungo, miaka ya 2007 na 2008 ilikuwa kilio, na waliokuwa wanaenda kwa waganga kununua utajiri wa samaki na dhahabu wengine jumapili walikaa kwenye mabenchi yetu. Sasa anapotokea mhubiri anamwambia binti kwamba aliyekufunga uzazi ni bibi yako, huyo hata akitaja Yesu mara mia simpungii mkono, anamwelekezea panga mama mzee. Anayeuza mafuta na maji na chumvi kwa bei, vilevile. Yohana kasema tuzijaribu roho, 1 Yohana 4:1, na Paulo kwa Wagalatia 1:8 hakuwa mpole hata kidogo. Na ndo hapa umoja unahitajika zaidi, maana kanisa moja likihubiri mwezi mzima kwamba kikongwe siyo mchawi na la jirani likamtaja kwa jina usiku mmoja, bibi anakufa. Laiti makanisa matano ya mtaani kwako yangesema neno moja tu kwenye hizo spika jumapili moja.

Kanisa la kweli ni lipi basi? Bango halitakwambia. Panapohubiriwa Kristo aliyesulubiwa na kufufuka bila kuuzwa, watu wanabatizwa na kushiriki meza yake, na maskini hawanyanyaswi, hapo kanisa lipo, likiwa na makosa yake. Ya wasabato na siku yao Paulo alishayamaliza Warumi 14:5, kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe, msigombane kwa hilo njiani mkienda hospitali.

Kuhusu misa, ungeweza kuingia. Kuingia kumsindikiza mama yako mdogo, kusikiliza masomo, kumuombea faraja mumewe na watoto, hakuna andiko linalokuzuia. Komunyo usingepokea maana wao wenyewe wana utaratibu wao kwamba anayepokea awe katika ushirika nao, na kukaa kwenye benchi wakati wenzako wanaenda mbele siyo dharau, ni kusema ukweli kwamba hatujafika bado. Inauma na inafaa iume.

Sasa ufanye nini. Usihame kanisa, ukihama umeongeza lilelile tunalolilia. Mfate mchungaji wako nyumbani siyo madhabahuni, nenda na mzee wa kanisa mmoja anayemheshimu, umwambie shikamoo, umwombe kwa adabu kabisa aje alhamisi moja awaone wagonjwa kwa macho yake. Usimpe hii barua yangu aisome, atadhani nimekutuma. Akikataa, muulize kama anakukataza kumtembelea mgonjwa au anakukataza kutembea na jirani yako, maana la kwanza hana mamlaka nalo, Kristo ameshaliagiza. Kwenye wasapu ya kanisa usiandike chochote. Na hicho kikundi chenu msikipe jina la huduma wala msianze kukusanya sadaka zaidi ya hela ya unga, sukari na sabuni, wala msimchague mmoja wenu awe mama mtumishi, maana nimeviona vikundi vizuri sana vikiishia kuwa kanisa la sita la mtaa. Endeleeni kupika uji, na alhamisi mkipata mgonjwa wa kutoka Ukerewe au visiwani aliyekosa mtu wa kumsomea Neno kwa lugha yake, nipigieni, wapo wanafunzi wangu wanaosema Kikerewe na Kijita nitawaleta.