Kwa Wanaoanza Kazi ya Takwimu Bukavu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kukusanya takwimu hapa Bukavu, kabla ya kujifunza programu yoyote tazameni jinsi kiongozi wa timu anavyompokea mdadisi, yaani mtu wa kuwahoji watu nyumbani kwao, anayerudi jioni na fomu chache. Kiongozi anayeuliza idadi tu huwazoesha watu wake kujaza majibu ya kubuni, na hakuna uchambuzi wa baadaye unaoweza kuziponya takwimu za namna hiyo. Anayeanza kwa kuuliza walichokikuta huko huletewa ukweli mapema, hata ule unaokera.

Chukueni Kadutu, komuni ya hapa Bukavu, ambako nyumba zimebanana mlimani na parsele (kiwanja) moja hukaliwa na wapangaji wengi. Mwongozo husema kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja; lakini mtamkuta mwanafunzi anayelala kwa shangazi na kula kwa dada yake, au baba anayechimba dhahabu Kamituga na kurudi baada ya miezi. Kila mdadisi akiamua kivyake, mtaa mmoja utakuwa na hesabu mbili. Andikeni mambo hayo daftarini siku hiyohiyo, yajadiliwe asubuhi kabla ya kutoka, na uamuzi mmoja uwafunge wote, msimamizi akiwemo.

Ujuzi ninaouona ukipungua zaidi ni ule wa kuuliza kigawanyo, yaani idadi ya watu tunayoigawia ili kupata asilimia, kimetoka wapi. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo idadi ya wakazi wa kila zone ya afya (eneo linalosimamiwa pamoja kwa huduma za afya) imetegemea makadirio, huku vita vikiwahamisha watu mara kwa mara. Ndiyo maana ripoti ya chanjo inaweza kupita asilimia 100: pengine waliochanjwa wamehesabiwa sawasawa, ila idadi ya watoto iliyokadiriwa ni ndogo kuliko hali halisi, au akina mama wengine wametoka zone ya jirani. Msiishushe asilimia hiyo hadi 100 ili kumpendeza mkubwa wa kazi. Iacheni ilivyo na mwandike maelezo chini yake.

Tableti hurekodi saa mahojiano yalipoanza na yalipoisha, na huo ni msaada mkubwa, lakini haziwezi kumkumbusha mzee mwaka wake wa kuzaliwa. Watu wazima wengi hutaja umri unaoishia na 0 au 5. Ulizeni kwa upole alikuwa na ukubwa gani uhuru ulipopatikana mwaka 1960, au kama mtoto wake alikwisha kuzaliwa vita vilipofika mwaka 1996 au tetemeko lilipotupiga Februari 2008, mtakaribia ukweli.

Faili ghafi, yaani yenye majibu kama yalivyotoka kwa wadadisi, isiguswe. Masahihisho yafanywe kwenye nakala, na paandikwe nani amebadili nini, lini na kwa sababu gani, ili atakayeshika kazi baada yenu aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua hata kama hamtapatikana kwa simu.