Re: Kwa nini wapiga picha za habari hawasaidii kwanza?

Ndugu, umeuliza kama mpiga picha za habari anayempiga picha mtu anayeteseka anatafuta umaarufu tu. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini mtazame Lewis Hine, mpiga picha wa Marekani. Kuanzia 1908 alizunguka viwanda na migodi ya Marekani akiwapiga picha watoto walioajiriwa humo. Wenye mali hawakumtaka, kwa hiyo wakati mwingine alijifanya muuza Biblia ili aingie. Alikadiria kimo cha mtoto kwa vifungo vya koti lake mwenyewe, kisha akaandika kwa siri, mkono ukiwa mfukoni. Mtafuta sifa hahangaiki hivyo! Alitaka ushahidi usiopingika, na picha zile zilichangia kupatikana kwa sheria za kuwalinda watoto.

Mohamed Amin naye, mpiga picha wa Kenya, picha zake za televisheni za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, misaada ikamiminika.

Kuhusu kusaidia: kama wewe pekee ndiye unayeweza kumwokoa mtu, weka kamera chini. Hapo kwangu hakuna mjadala. Ila waokoaji wakiwa wameshafika, mwacheni mpiga picha afanye kazi yake, mradi asimdhalilishe majeruhi.