Julius ni jina la mtu au la ukoo? Jibu la aliyesota na Kilatini

Mkuu, umeuliza kama Julius ni jina la mtu au la ukoo, na kwa nini binti yake Julius Caesar, yule mtawala wa Roma ya kale, aliitwa Julia, utadhani baba alikosa jina la kumpa. Kilatini kilinitesa seminarini miaka minne, acha leo kinifae.

Ni la ukoo. Jina lake mwenyewe yule bwana lilikuwa Gaius. Iulius (Warumi hawakuwa na J) ni ukoo mzima, Caesar ni tawi mojawapo. Walijigamba kwamba wametoka kwa Iulus, mwana wa Aeneas, shujaa wa hadithi aliyezaliwa na mungu Venus, kwa hiyo bibi yao ni Venus. Ukoo gani hauna tambo?

Mimi nilielewa siku nilipotambua kwamba Iulius kwa asili ni kivumishi, nacho hufuata nomino yake kama sisi tusemavyo mtu mrefu, kiti kirefu. Mwanamume ni Iulius. Ukoo ni gens Iulia, sheria yake ni lex Iulia, na mwezi uliopewa jina lake mwaka 44 KK ni mensis Iulius, ndio Julai yetu. Binti je? Iulia, basi. Dada zake Caesar walikuwa wawili, wote Iulia. Watu wakawatofautisha kwa Mkubwa na Mdogo.

Mtego uko kwenye kumwita mtu. Marcus ukimwita anakuwa Marce, nami kwenye mtihani wa mdomo nikapaza sauti, "Iulie!" Padre akafumba macho. Majina ya -ius huishia -i: Iuli. Nililiandika mara mia.

Mtumwa akiachwa huru naye alibeba jina la ukoo wa bwana wake: Tiro, mtumwa wa mwanasiasa Marcus Tullius Cicero, akawa Marcus Tullius Tiro. Mwaka 212 mfalme wa Roma Caracalla alipowapa uraia karibu watu huru wote wa dola, wakajaa akina Aurelius kila kona, maana ndilo lililokuwa jina lake rasmi.

Kwa hiyo hata Mwalimu Nyerere, alipobatizwa mwaka 1943, alipewa ukoo wa watu. Pitia daftari la ubatizo parokiani kwenu: Cornelius, Claudia, Emilia, Antonia, koo tupu! Mke wangu ni Cecilia, wa ukoo wa Caecilia, jina linalohusishwa na caecus, yaani kipofu. Hilo nilimwambia mara moja tu.